Muulizeni Habari za Mjomba

Chumba cha hadubini hakina dirisha. Rangi ya kijani inayotumika kuzitia alama protini hufifia ikipigwa na mwanga, kwa hiyo anayehesabu seli hujifungia humo saa tatu nzima, mgongo ameukunja, na akitoka nje hupepesa macho mpaka watu wanamwonea huruma. Daktari alikuwa amezoea. Huu ulikuwa mwaka wake wa sita kuongoza maabara ile, na wenzake walimtania kwamba siku moja watamletea kitanda na chandarua mle ndani.

Siku hiyo, kabla ya adhuhuri, alifika kwenye kisahani cha kumi na moja, akakwama.

Kazi yenyewe, ukiivua maneno makubwa, ni habari ya wachukuzi. Ndani ya kila seli mizigo husafirishwa katika vifuko vidogo vya utando, na ziko protini ambazo kazi yake ni kuvifikisha vifuko hivyo vinakotakiwa. Mchukuzi wa namna hiyo hawezi kuushika utando mpaka apachikwe mkia wa mafuta, na hawezi kufika kwenye kupachikwa bila msindikizaji. Msindikizaji akikosekana, wachukuzi huzagaa ndani ya seli mikono mitupu. Sehemu nyingi za mwili huvumilia hali hiyo, kwa kuwa zina msindikizaji wa akiba. Jicho halivumilii. Lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga huanza kufa polepole kutoka pembeni kuja katikati, miaka ishirini, thelathini, mpaka mtu anabaki kuitazama dunia kupitia tundu la bomba. Kisha tundu nalo huziba.

Kwenye hadubini, seli njema huonyesha kijani kimejikusanya kwenye nyuzi na vidoa vinavyong'aa. Seli mbovu huonyesha kijani kimetapakaa kote kama chai iliyomwagika mezani. Mtoto wa shule anaweza kuzitofautisha. Na kisahani kimoja kina seli za mtu mmoja, ama njema zote, ama mbovu zote.

Kisahani cha kumi na moja kilikuwa na zote mbili. Kundi la seli njema, pembeni yake kundi la seli mbovu, halafu njema tena.

“Rangi imekataa,” alijisemea. Ndivyo walivyosema mle maabara kila jambo lilipokwenda kombo. Chai ikichacha, rangi imekataa. Bosi akinuna, rangi imekataa. Lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kuhesabu, na alipofika seli mia mbili alikuwa na njema mia moja na nne, mbovu tisini na sita. Rangi ikikataa hukataa ovyo, haikatai kwa makundi. Kisahani cha kumi na cha kumi na mbili vilipakwa rangi ileile, saa ileile, na vyote vilikuwa havina kasoro ya rangi.

Visahani havikuandikwa majina. Viliandikwa namba tu, na orodha ya nani ni nani ilikaa ndani ya bahasha kwa fundi wa maabara, mama mmoja wa makamo waliyemwita Mama Barafu kwa sababu ndiye aliyeyalinda majokofu na matangi ya baridi kali, na pia kwa sababu hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Daktari alitoka gizani akamfuata.

“Mama, naomba bahasha.”

“Umemaliza vyote kumi na sita?”

“Nimefika cha kumi na moja.”

“Basi bado vitano.” Mama Barafu hakuinua hata kichwa. “Anayehesabu asijue ni za nani mpaka amalize. Sheria hii umeitunga mwenyewe, Daktari, na mwaka jana ulimfukuza mwanafunzi kwa kuivunja.”

Daktari alirudi gizani akahesabu vitano vilivyobaki. Huo ndio ubishi wa watu wa fani hii: nyumba inaungua, wao wanamalizia kujaza fomu. Alihesabu akikosea na kuanza upya, na alipotoka ilikuwa imetimu saa nane kasoro dakika kumi. Mama Barafu akaifungua bahasha mbele yake. Kidole kilishuka mpaka mstari wa kumi na moja, kikatulia.

Mzima Na. 1.

Hapakuwa na haja ya kuuliza Mzima Na. 1 ni nani. Mwaka ule wa kwanza, kabla hawajapata watu wa kujitolea, walihitaji ngozi ya mtu mwenye afya ya kulinganisha na ya wagonjwa, na Daktari alikunja mkono wa blauzi akasema chukueni yangu. Kovu lenyewe, dogo kama punje ya mchele, bado analo ndani ya mkono wa kushoto. Wagonjwa wote waliopita pale walilinganishwa na yeye.

“Mbona siku zote zilikuwa njema?” aliuliza.

“Siku zote tulitumia zile tulizozalisha kutoka kwenye kijipande kimoja. Mwezi uliopita zimekwisha. Nikashuka chini kabisa ya tangi, nikatoa kichupa cha awali, cha ngozi yako ilivyochukuliwa siku ile.” Mama Barafu alivua glavu zake. “Nadhani si mara ya kwanza kukitoa.”

Alileta daftari la vilivyotupwa. Miaka minne iliyopita: Mzima Na. 1, kichupa cha awali, rangi imekataa, kimetupwa. Miaka miwili iliyopita: maneno yaleyale. Na sahihi chini yake ilikuwa ya Daktari mwenyewe, tena ya haraka, ya mtu aliyekuwa na kikao.

Daktari akavuta stuli akakaa.

Alijua anachokitazama, maana ndicho anachowafundisha vijana kila mwaka. Jeni ya msindikizaji inakaa kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo X mbili, na kila seli yake huizima moja na kutumia nyingine, hivyo mwanamke aliyerithi jeni mbovu moja huwa viraka viraka: hapa seli njema, pale mbovu. Yeye mwenyewe huona vizuri, pengine hata asijue. Kijipande kile walichokizalisha miaka yote kilitoka kwenye kiraka chema, kwa bahati tu. Lakini mwanamume ana X moja. Akipata ile mbovu, hana ya kujifichia. Ndiyo maana ugonjwa huu hautoki kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume. Hupita kwa kina mama kimyakimya, ukaenda kuibukia kwa mjomba. Daktari alikuwa na msemo wake darasani, vijana wakiucheka: mgonjwa akija, msimuulize kwanza habari za baba, muulizeni habari za mjomba.

“Daktari,” Mama Barafu alisema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake, “habari za mjomba wako?”

Mjomba wake alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza mageti, na alipofika miaka arobaini na kitu akawa anashikwa mkono kwenda msalani. Ukoo mzima ulijua sababu: ule mwanga wa kuchomelea, na ubishi wake wa kutovaa miwani. Daktari alilisikia hilo tangu akiwa na miaka minane na hakuwahi kuligeuza. Alikuwa na shahada tatu, amesimama mbele ya mamia ya watu akisema muulizeni habari za mjomba, na wake hakumuuliza hata siku moja. Mjomba alikwisha kufa. Marehemu mama naye.

“Una ndugu wa kiume?”

“Mmoja. Mdogo wangu.”

“Anafanya kazi gani?”

Daktari alikuwa ameshaanza kutafuta simu mifukoni.

Mdogo wake alikuwa dereva wa basi la shule. Wanafunzi walimwita Mjomba Breki, jina alilopewa na mpwa wake, binti wa Daktari, ambaye naye alipanda basi hilohilo kila siku. Walimwita Breki kwa sababu anafunga breki kwa kila kitu. Kuku, breki. Mwendesha baiskeli, breki. Mtu akijitokeza pembeni, breki mpaka mabegi yanaruka. Nyumbani walimcheka, na Daktari alicheka kuliko wote. Alisema afadhali mwoga usukani kuliko shujaa. Sasa breki zile alizisikia upya. Asiyeona pembeni huvifungia breki vitu pale tu anapoviona vimekwisha kufika mbele.

Na mengine yakafuata, moja baada ya jingine, hakuweza kuyazuia. Jinsi anavyokataa mialiko ya jioni, eti kachoka. Glasi anazozigonga mezani. Harusini alivyoupita mkono wa shemeji uliokuwa umenyooshwa, shemeji akanuna mwezi mzima. Na kila Jumapili, akija kula, lile swali lake akiwa ananawa: “Dada, mmefika wapi na ile dawa yenu?” Daktari alidhani ni adabu tu, mdogo mtu anajitia kupenda kazi ya dada yake. Alikuwa akimjibu, “Tunasogea.”

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika tano, na basi huondoka shuleni saa tisa kamili, na watoto arobaini na mmoja.

“Inaweza ikawa hana,” alisema, koti la maabara bado mwilini. “Ni nusu kwa nusu, Mama.”

Maneno hayo, nusu kwa nusu, aliwahi kuyatamka kwa wazazi wengi, kwa upole, glasi ya maji ikiwa tayari mezani. Hakuwahi kujua yanatisha namna hiyo.

“Nenda,” alisema Mama Barafu. “Visahani nitavirudisha mimi.”

Teksi ilikwenda kama inasindikiza mazishi. Daktari alikaa ukingoni mwa kiti, roho mkononi, akihesabu kila aliyejitokeza pembeni mwa barabara: mama mwenye mtoto, muuza maji, mzee na toroli. Daktari alimwona kila mmoja mapema, kwa mkia wa jicho, bila jitihada yoyote. Hakuwahi kufikiri kwamba ni kitu mtu anaweza kukikosa. Kila mmoja alimtia hofu mpya.

Alimkuta mdogo wake kwenye uwanja wa shule, anapangusa kioo cha basi, anapiga mluzi. Lilikuwa jua kali na uwanja mtupu, watoto bado madarasani. Dakika ishirini zilikuwa zimebaki.

“Dada! Leo kunani? Umekuja na koti lako la kutisha wagonjwa.”

“Kaa hapo kwenye ngazi.”

“Salamu kwanza, basi.”

“Kaa, mdogo wangu.”

Alikaa. Daktari alipindua ndoo ya kuoshea gari akakaa mbele yake, magoti yao karibu kugusana. Alimwambia atazame pua ya dada yake na asiiachie, na kila atakapoona vidole vinatikisika pembeni, aseme. Ni kipimo cha kitoto, hufanywa hata kwenye zahanati isiyo na umeme. Alinyoosha mkono wa kulia mbali, akatikisa vidole.

“Naona,” alisema mdogo wake.

Mkono wa kushoto. “Naona.” Wa kulia, juu kidogo. “Naona. Viwili hivyo, au vitatu, sijui unataka mahesabu gani.” Alikuwa anatabasamu. Daktari alihisi moyo unapanda, unataka kufurahi. Nusu njema, alijisemea, kumbe ametoka kwenye nusu njema. Alitaka kuinuka amkumbatie, arudi kazini, acheke mwenyewe njia nzima.

Lakini miaka sita ya kuhesabu kwa kufichwa majina haimtoki mtu hivi hivi. Ukishajua unachotaka kuona, jicho lako litakuletea. Akaishusha mikono yote miwili mapajani, akaiacha pale. Kisha akainua bega la kulia kidogo tu, kama mtu anayenyoosha mkono.

“Naona,” alisema mdogo wake.

Akainua bega la kushoto.

“Naona. Vinachezacheza.”

Uwanja ulikuwa kimya. Mahali fulani darasani watoto waliitikia kitu kwa pamoja.

“Mikono yangu iko mapajani,” alisema Daktari.

Tabasamu la mdogo wake lilibaki usoni kwa muda, halina kazi. Kisha alitazama chini, akaiona mikono ya dada yake imelala juu ya koti jeupe. Alikitoa kitambaa mfukoni akaanza kukikunja, mara mbili, mara nne, mara nane.

“Tangu lini?”

“Miaka mitatu ninayoijua.” Aliongea polepole. “Ya nyuma yake sijui. Nilipoanza kujigonga milangoni nikamkumbuka mjomba. Nikasema, lakini mimi sijawahi kushika hata mashine ya kuchomelea.”

“Kwa nini hukuniambia? Mimi, mdogo wangu? Kazi yangu ni nini?”

“Ndiyo hiyo. Kazi yako ni macho.” Alikikunjua kitambaa. “Ningekuja kwako ungeniambia ukweli. Nikaona nikungoje umalize dawa. Kila Jumapili nakuuliza, wewe unasema mnasogea. Nikajua hazikubaki siku nyingi.”

Daktari aliutazama mkono wake. Mara mbili mkono wake huu uliandika kimetupwa. Angekitazama vizuri kile kisahani cha miaka minne iliyopita, mtu huyu asingepanda basi hili.

“Leo huendeshi,” alisema.

“Dada, nisikilize. Barabara hii naijua yote, kila shimo. Ni mchana. Mbele naona mpaka kesho. Ukiwaambia leo, kesho mimi ni nani? Nipe mpaka muhula uishe. Miaka mitatu sijamkwaruza hata mbuzi.”

“Umewezaje?”

Mdogo wake alisimama akajitia kukagua tairi. Kengele ikalia, Daktari akainuka kwenye ndoo akasimama nyuma ya mlango wa basi, na uwanja ukajaa watoto kama maji yaliyofunguliwa.

Binti wa Daktari alitokea wa kwanza, begi linamdunda mgongoni, miaka kumi na moja sasa, miguu mirefu. Hakumwona mama yake nyuma ya mlango wa basi. Alipanda ngazi mbili kwa mpigo na kuketi kiti cha mbele kabisa, ubavuni mwa dirisha, akalifungua na kutoa kichwa.

“Mjomba, leo mimi ni jicho la kushoto. Jana nilikuwa la kulia.”

Msichana mwingine alipita akakaa upande wa pili, akalalamika kwamba jicho la kulia huwa halipati pipi, kwa sababu baiskeli zote hutokea kushoto. Mlezi wa basi, dada mmoja mwenye rejesta, aliwaambia wanyamaze. Mchezo ni mchezo, atakayewahi kuona mtu au baiskeli na kusema ndiye mshindi, kama kawaida. Huko nyuma walishaanza kupanga zamu za wiki ijayo. Daktari alizikumbuka zile karatasi za pipi alizokuwa akizitoa mifukoni mwa sare kila alipofua, miaka mitatu sasa, akigomba kuhusu meno.

Aliyaona macho yale mawili, ya miaka kumi na moja, yakitazama pembeni mwa barabara asubuhi na alasiri. Yakisinzia, yakigombania pipi, yakigeuka kumcheka rafiki. Watoto arobaini na mmoja walikuwa wamening'inia kwenye hayo.

Alimtazama mdogo wake. Alikuwa amesimama kando yake, ameliegemea basi, uso kwa watoto, na Daktari alimjua vya kutosha kujua kwamba ameyasikia kama alivyoyasikia yeye. Pengine ndiyo mara ya kwanza kuusikia mchezo wake kwa sikio la mtu mwingine.

“Nilikuwa nawapa pipi nzuri,” alisema, kwa sauti ndogo.

“Najua.”

“Yule wako ndiye hodari kuliko wote. Hakosei.”

“Najua, mdogo wangu.”

Daktari alisogea hatua mbili kuelekea mlangoni, ili kama atapanda amzuie. Mdogo wake hakupanda. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa basi uliofungwa kipira chekundu. Macho yake yalikuwa bado kwa mpwa wake dirishani. Akaunyoosha ufunguo pembeni, pale dada yake alipokuwa amesimama mwanzo, akaushikilia hewani, akimngoja aupokee.

Daktari alirudi zile hatua mbili, akasimama pale alipodhaniwa yupo, akaupokea.